Mkono Uliopimwa Kwanza

Siwema alikuwa muuguzi pekee wa vitanda arobaini, na katika nyumba ile neno pekee lilitamkwa kwa kusifu. Juu ya mlango wa wodi yake paliandikwa kwa rangi ya bluu, herufi za kuonekana tangu mbali: MMOJA ANATOSHA. Zamani mwishoni mwa maneno hayo kulikuwa na alama ya kuuliza, maana ule ulikuwa utafiti, na utafiti huanza kwa swali. Je, muuguzi mmoja anatosha kuwatunza wagonjwa arobaini bila wao kudhurika, na bila yeye mwenyewe kudhurika? Lakini rangi ya alama ile ilibanduka, kwanza nukta, kisha ndoano, na hakuna aliyepanda ngazi kuirudishia. Wagonjwa walioingizwa chali juu ya machela waliyasoma maneno yaliyobaki wakadhani ni amri.

Nani aliuliza? Profesa Kihwelo, mkuu wa utafiti, alisema swali limetoka juu. Siwema aliwahi kutazama juu akaona dari. Juu ya dari ilikuwepo ghorofa, na ghorofa nayo ilikuwa na dari yake, na inasemekana hata Profesa mwenyewe alikuwa akielekeza kidole juu akiwa kwenye ghorofa ya mwisho. Basi Siwema aliacha kuuliza, akashika kazi.

Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mmoja tu uliotembea, wa sekunde. Ile mingine miwili ililala kwenye saa nne kasorobo asubuhi, na jua la dirishani, kwa adabu ama kwa uvivu, lilikubali kukaa hapo hapo. Hakuna aliyelalamika. Muuguzi anahitaji sekunde ili ahesabu mapigo ya moyo. Masaa ni ya watu wanaorudi nyumbani. Zamu ilianza karani alipogonga kengele na ikaisha alipogonga tena, na kati ya kengele na kengele Siwema aliweza kuzeeka mwaka mzima au asizeeke hata kidogo. Alikuwa na watoto? Alikumbuka kuwa na viatu vidogo viwili mlangoni mahali fulani. Hakukumbuka kama vilikuwa vya mtoto wake au vya kwake alipokuwa mtoto.

Hata siku ya thelathini haikuwa siku. Ilikuwa mlango wa kijani mwisho wa korido. Utafiti ulitaka kujua hali ya kila mgonjwa akifika siku ya thelathini, kwa hiyo wote walipelekwa pale, mwenye miguu kwa miguu yake, asiye nayo kwa machela. Karani aliyekaa kwenye kiti kando ya mlango alimuuliza kila mmoja swali moja: Upo? Aliyejibu aliandikiwa kuwa amepona. Asiyejibu, karani alifungua faili lake akatazama namba za mwisho za presha, na namba zikiwa nzuri, naye aliandikiwa kuwa amepona.

Sasa nieleze jambo lenyewe, kwa sababu ndilo lililomponza. Pale chuoni Siwema alifundishwa na mwalimu mkali kwamba mashine ya presha ni kiumbe mwongo, na kwamba muuguzi mwenye akili hamfungi mgonjwa mkanda kabla hajajifunga mwenyewe. Jipime kwanza, alisema yule mwalimu. Mkono wako unaujua. Ukipata namba yako ya kila siku, mashine ni nzima, endelea. Ushauri huo ni mzuri na hakuna aliyewahi kuukosoa. Siwema alijifunga mkanda kila mwanzo wa mzunguko, akasubiri mashine igune na kukaza na kulegea, akapata namba yake: mia moja na kumi na nane kwa sabini na sita. Aliiandika kwa kalamu katikati ya kiganja chake cha kushoto ili asiisahau. Kisha akaenda kitanda hadi kitanda, na namba za wagonjwa akaziandika kuizunguka ile ya kwanza, kwenye vidole, kwenye ukingo wa kiganja, hadi kwenye kifundo cha mkono. Karatasi zilikuwepo, tena nyingi, lakini karatasi inataka mkono wa pili, na mkono wa pili wa Siwema daima ulikuwa umeshika dripu ya mtu.

Mzunguko uliishia kwenye kitanda cha kumi na moja, kilichokuwa kwenye kona nyuma ya nguzo, kwa mpango ambao aliyehesabu vitanda alikufa nao. Hapo alilala Bi Somoe, mwanamke aliyekula chumvi nyingi, aliyefanya kazi ya kupima pamba kwenye ghala kabla ghala halijageuka kitu kingine. Alikuwa mcheshi na mkorofi kidogo. Alimwita Siwema mwanangu, na akifungwa mkanda alimtazama kama mtu wa fani moja anavyomtazama mwenzake.

Siku moja, kama ilikuwa siku, alimwambia kwamba kule ghalani, kabla ya kila gunia, walikuwa wanafuta vumbi kwenye mzani na kuurudisha kwenye sifuri. Ukisahau, gunia la jana linahesabiwa ndani ya gunia la leo.

"Na wewe, mwanangu," akauliza, "wewe unarudi saa ngapi kwenye sifuri?"

Siwema alicheka kwa sababu ya haraka. Alikuwa ameshaandika namba ya Bi Somoe kwenye kifundo cha mkono, wino ungali mbichi, na kitanda cha ishirini na sita kilikuwa kinaita.

Haikupita mizunguko mingi Bi Somoe akapooza upande mmoja. Mdomo wake ulikwenda pembeni, mkono wa kulia ukawa wa mtu mwingine aliyelala naye kitanda kimoja, na maneno yakamtoka nusunusu hadi yakakoma. Siwema alikimbilia faili lake akiwa na uhakika kwamba hapa pana uonevu, maana mama huyu presha yake haikuwa na neno. Akasoma. Mia moja na kumi na nane kwa sabini na sita. Akafunua ukurasa wa nyuma: mia moja na kumi na nane kwa sabini na sita. Akafunua wa nyuma yake. Alisimama pale akiona namba yake ikishuka ukurasa mzima.

Akachukua faili la kitanda cha kumi na mbili, kisha la kwanza, kisha la arobaini. Yote arobaini yalikuwa na mkono wake ndani. Ndipo akaona vizuri lililotokea. Jasho na maji vilifuta namba za pembeni. Katikati ya kiganja, mahali pasipogusa kitu, ilibaki ile moja. Akifika mezani hoi, huku anaitwa, alikuwa anatazama kiganja na kunakili kinachosomeka. Hakudanganya. Alinakili tu, kwa mwandiko mzuri, mara elfu.

Kulikuwa na jingine. Utafiti ulikuwa na nusu ya pili, ile ya afya ya mtumishi, na kila mwisho wa zamu Siwema alipaswa kujipima na kujaza fomu yake mwenyewe. Mwisho wa zamu alikuwa anatazama wapi? Alitazama kifundo cha mkono, penye namba ya mwisho iliyosalia chini ya ukingo wa sare, akaamini kwamba ameshajipima, kwa sababu fomu ilisema yake ndiyo ya mwisho. Ilikuwa ya Bi Somoe. Mwezi mzima, ama miaka, Siwema aliandikwa mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi na nne, namba ya mtu anayetakiwa kulazwa hima, na hakuna aliyekuja kumlaza. Bi Somoe aliandikwa mzima, na hakuna aliyempa hata kidonge.

Aliketi sakafuni, jambo lililokatazwa, akajisemea moyoni.

Mimi. Mimi nilimshika mkono kila mzunguko na mkono ukaniambia ukweli na ukweli nikauandika kwenye mfupa wangu. Nikaubeba hatua ishirini hadi mezani. Hatua ishirini tu. Nikauacha njiani. Wapi? Kwenye sinki? Kwenye shuka la nani? Ningekuwa na mwenzangu mmoja, mmoja tu, wa kuniambia soma tena. Lakini hapana, usijitetee Siwema, mwenzako hayupo kwa sababu swali ni hilo, swali ni kama unahitaji mwenzako, na wewe umejibu. Umejibu kwa kiganja. Umewaambia kwamba huhitaji mtu. Watu arobaini wazima. Sasa watawaondoa wauguzi wote duniani wabakize mmoja mmoja, na kila mmoja atasimama peke yake na kiganja chake. Na Bi Somoe? Bi Somoe bado anapumua. Bado. Nenda ukaseme, nenda sasa hivi.

Alichukua mashine, akaenda kumpima Bi Somoe kwa mara ya kwanza, maana zile nyingine zote hazikuwa kumpima. Alipofika nyuma ya nguzo kitanda kilikuwa kitupu. Machela ilikuwa imeshampeleka kwenye mlango wa kijani, na kwa mbali alimsikia karani akiuliza swali lake, kisha kimya, kisha sauti ya faili kufunguliwa.

Jopo lilikutana katika ukumbi wenye viti saba na watu saba wenye makoti meupe. Siwema hakuweza kuwatofautisha nyuso, ila Profesa Kihwelo, ambaye alikuwa na sauti kwa niaba ya wote. Mbele yao palikuwa na waraka mmoja ukingoja sahihi. Waraka huo ukishatiwa sahihi, kila wodi katika nchi ile ingebaki na muuguzi mmoja, kwani imethibitika. Siwema aliingia na mafaili arobaini yamefungwa kwenye kanga, akayamwaga mezani, akaeleza yote bila kuficha. Alieleza mashine, mwalimu wake, kiganja na kifundo. Alieleza kwamba ameua mtu na kwamba huenda ameua wengi. Alipomaliza hakuna aliyekasirika, na hilo lilimtisha kuliko hasira.

Profesa alikuwa mtu mpole. Akavuta faili la mtumishi, akalisoma taratibu, akavua miwani.

"Sista," akasema, "faili lako linasema presha yako ni mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi na nne, muda wote huu. Mtu wa presha hiyo huchanganyikiwa. Huona vitu. Tunakupa pole."

"Hiyo ni ya Bi Somoe, Profesa."

"Ya Bi Somoe ninayo hapa. Ni nzuri kabisa."

"Bi Somoe amekufa."

Karani aliitwa, akafunua daftari lake, akaweka kidole. "Amepona," akasoma, na ilikuwa dhahiri kwamba anasema kile anachokiona.

Siwema akajikaza kisabuni. Basi nipimeni, aliwaambia. Hapa, mbele yenu, sasa hivi, mtaona nina namba gani, na mtajua zile za wagonjwa zimetoka wapi. Watu saba walinong'onezana. Ombi lilikuwa la haki, na lilikubaliwa. Lakini kanuni ya utafiti ilikuwa wazi: vipimo huchukuliwa na muuguzi wa wodi na si mtu mwingine. Profesa akamwambia karani amwite muuguzi wa wodi. Karani akatoka nje hadi koridoni, akarudi, akasimama mlangoni, akaita kwa sauti ya kazi.

"Sista Siwema."

"Abee," akaitika Siwema.

Akajifunga mkanda. Mashine ikaguna. Alifunga macho akaingoja namba yake ya ujana, ile ya kila siku, na kwa mara ya kwanza aliipenda, akaiomba ije. Mkanda ukakaza mpaka vidole vikafa ganzi, ukalegea kidogo kidogo. Alipofumbua macho aliona watu saba wameinamia kioo. Mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi na nne.

Ilikuwa ya nani? Siwema alijiuliza jambo hilo kwa uchungu kuliko mambo yote aliyowahi kujiuliza. Pengine namba ya Bi Somoe, kwa kuandikwa kwenye mfupa wake muda mrefu, iliingia ndani. Pengine mashine ilikuwa inadanganya, na safari hii, mgonjwa akiwa ni yeye mwenyewe, hakuwa na mkono mwingine wa kuijaribia kwanza. Pengine alikuwa mgonjwa kweli, tangu lini haijulikani, mgonjwa wa kazi na wa kukosa usingizi na wa viatu viwili vidogo mlangoni, na yote aliyoandika kwenye fomu yake kwa makosa yalikuwa sahihi. Hakuwa na njia ya kujua. Katika nyumba iliyojaa namba, hakuwepo mtu mmoja aliyekuwa amemtazama.

Jopo liliandika jibu pale pale. Wagonjwa wako salama, mtumishi ameshindwa kiafya, kwa hiyo kasoro haiko kwenye idadi bali kwa mtu. Mmoja anatosha, mradi awe mzima. Profesa akatia sahihi, akampa Siwema mkono kwa heshima zote, akaagiza apewe kitanda. Kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, nyuma ya nguzo.

Shuka lilikuwa halijabadilishwa. Lilikuwa na bonde alipolala Bi Somoe, na Siwema akaingia ndani ya bonde lile likamtosha. Faili nalo halikubadilishwa. Kichwa kilimgonga kwa ndani, hatua kwa hatua na ule mshale wa sekunde, na upande wake wa kulia ulianza kutambaliwa na sisimizi, kwanza vidoleni. Alijua maana yake. Ameshawafundisha wanafunzi maana yake. Alijua pia kwamba kuna kidonge kwenye kabati hatua kumi kutoka hapo, na kwamba hakitatoka kabatini mpaka faili liseme kitoke.

Muuguzi mpya alikuwa anaitwa Tunu. Alikuwa binti mchangamfu, sare imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na alifika kitanda cha kumi na moja mwisho wa mzunguko akihema kidogo huku anatabasamu. Akasoma jina juu ya faili.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba," akajibu Siwema, na likawa limeshamtoka. Ulimi wake ulikuwa mzito. Alijaribu kusema jina lake mwenyewe na lilichelewa kufika.

Tunu aliitazama mashine kwa mashaka, akaipiga kofi dogo ubavuni, kisha akafanya kama alivyofundishwa na mwalimu mwenye akili: akajifunga mkanda yeye kwanza. Mashine ikaguna. Akapata namba yake, akaridhika. Akachomoa kalamu, akaiandika katikati ya kiganja chake cha kushoto. Akafungua mkanda auhamishe, na hapo hapo kitanda cha ishirini na sita kikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamume, fupi, ya mtu anayeona aibu kusumbua. Tunu akageuka nusu.

"Narudi, bibi, usijali," akasema. "Uko vizuri."

Siwema alimdaka mkono. Aliudaka kwa mkono wa kushoto, uliokuwa bado wa kwake, akauvuta mpaka mdomoni. Tunu alidhani mama mgonjwa anataka kumbusu, wazee wengine hufanya hivyo, akamwachia. Siwema akatema mate katikati ya kile kiganja, akasugua kwa kiganja chake, akasugua kwa kidevu, akasugua kwa shuka, mpaka wino ukawa wingu la bluu na wingu likawa si kitu.

"Nipime mimi," akasema. Yalitoka yamepinda, lakini yalitoka. "Mimi. Huyu hapa."

Tunu alikitazama kiganja chake kitupu. Uso wake uliingiwa na kitu, hofu ama fahamu, na kwa mara ya kwanza akamtazama mgonjwa, akauona mdomo uliokwenda pembeni na jicho lisilofumba sawasawa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaufunga mkanda kwenye mkono wa Siwema, polepole, akaulainisha usiwe na mkunjo, akabonyeza. Mashine ikaanza kukaza.

Kipimo kimoja cha kweli huchukua sekunde arobaini na tano. Siwema alizihesabu kwenye mshale wa ukutani, na mkono wake wa kushoto, ndani ya mkanda, uliendelea kuushika wa Tunu usiondoke. Kumi. Kumi na tano. Kitanda cha ishirini na sita kikaita tena, safari hii bila aibu. Tunu akanyanyuka kidogo. Siwema akabana. Vitanda vingine vikaanza, cha tatu, cha thelathini na nane, na miongoni mwa sauti zile alizitambua nyingi, maana aliwahudumia, alijua nani anaita kwa kiu na nani anaita kwa maumivu. Alijua pia sauti ya ishirini na sita inaita kwa nini.

"Bibi, niache," Tunu akanong'ona. "Nakuomba. Niko peke yangu."

Siwema alilia, machozi ya jicho moja. Alitaka kumwachia. Yote aliyowahi kuwa, tangu alipovaa sare ya kwanza, yalimwambia amwachie. Mshale ulikuwa umefika thelathini, na mkanda ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kulegea.

Kitanda cha ishirini na sita kiliita mara nyingine moja, kisha kikanyamaza.

Hakuuachia ule mkono.